Kugeuza kiporo kuwa chakula kipya kwa mashine ya wafo

Mashine ya wafo ni mabamba mawili ya chuma yenye vishimo vya mraba, yanayofumbana na kupata moto juu na chini kwa wakati mmoja. Imetengenezwa kwa ajili ya rojo la unga wa ngano, mayai na maziwa, lakini kwa maoni yangu kazi inayoifanya vizuri zaidi katika majiko yetu ni nyingine kabisa, nayo ni kukipa kiporo ukoko. Yeyote aliyewahi kugombania ukoko wa wali chini ya sufuria anajua tayari kinachotafutwa: wali ule ule, ukigusana na chuma cha moto kwa muda wa kutosha, hubadilika rangi, hunukia vingine na hulia menoni. Sufuria hutoa ukoko upande mmoja tu, na mara nyingi kwa bahati. Mashine hutoa ukoko pande zote mbili, na vile vishimo huongeza sehemu inayogusana na moto, kiasi kwamba kipande kimoja huwa kingo tupu kwa nje na laini kwa ndani.

Jambo la kuzingatia kabla ya jingine lolote ni maji. Chakula kikiwa bado na maji usoni mwake, joto la uso huo halipandi kupita nyuzi 100 za Selsiasi hata kama mabamba yamefika 200, kwa sababu joto lote huishia kuyageuza maji hayo kuwa mvuke; rangi ya kahawia na ladha ya kuchomwa huja pale tu uso unapokauka na kufika kama nyuzi 140. Ndiyo sababu maharage yenye mchuzi hutoka kwenye mashine yakiwa yamechemka na kupondeka, ilhali wali uliolala kwenye friji hutoka umekauka na kupata rangi. Tena wanga uliopikwa ukipoa hukaza, hivyo punje za wali wa jana huachana, wakati za wali uliopakuliwa sasa hivi hushikana na kuwa bonge. Kipimo changu ni rahisi: chukua kiasi cha kiganja, ukibane kwa nguvu, kisha ufungue mkono. Kikitoa maji, hakifai bado. Kikisambaratika chote, kinahitaji yai. Kikishikana na kuacha kiganja kikiwa na unyevu kidogo tu, kiko tayari.

Kabla ya mapishi yenyewe, usalama. Wengi wetu tumekua tukila kiporo kilicholala ndani ya sufuria juu ya jiko na kupashwa asubuhi kwa chai, na kwa upande wa wali desturi hiyo inafaa kuachwa. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa katika joto la kawaida, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiharibiki kwa kupashwa moto, hata ndani ya mashine iliyowaka kiasi gani. Kwa hiyo chakula kinachokusudiwa kuwa wafo ya kesho kiingizwe kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kuiva, na ndani ya saa 1 pale joto la jikoni linapopita nyuzi 32, jambo la kawaida Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi. Kitandazwe kwanza kwenye sinia au bakuli pana lisilo na kina, kwa sababu sufuria iliyojaa hubaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi hata ikiwa ndani ya friji. Wali utumike kesho yake. Ugali, viazi na nyama vinaweza kusubiri hadi siku ya tatu. Kilichokwisha kupashwa mara moja hakirudishwi tena kwenye friji.

Mashine za kawaida za nyumbani hutumia wati 700 hadi 1000, kwa hiyo hata ikiwaka nusu saa mfululizo haizidi nusu uniti ya umeme, na kwa kweli hula pungufu ya hapo kwa kuwa hujizima na kujiwasha kila joto linapofika kiwango chake. Zile zenye vishimo vifupi zinafaa kwa kiporo kuliko zile za Kibelgiji zenye vishimo virefu, kwani kiporo hakina nguvu ya rojo lililoumuka na hukatika kwa urahisi kinapotolewa kwenye mashimo marefu. Tahadhari kubwa inahusu mashine zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani. Hizo hutengenezwa kwa umeme wa volti 120, na wa kwetu ni volti 230 au 240. Kichwa cha kubadilishia plagi hubadilisha umbo la plagi tu, hakipunguzi umeme, na mashine hiyo ikichomekwa hivyo huvuta nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa na kuungua katika muda mfupi. Soma maandishi yaliyo chini ya mashine kabla ya kuichomeka, na kama yanasema 120V peke yake, tafuta transfoma inayomudu wati zake au uiache.

Asiye na umeme wa uhakika anaweza kutumia chuma cha wafo cha kushikwa kwa mkono, kile kinachowekwa juu ya gesi au makaa na kugeuzwa. Si kitu kigeni katika historia ya chombo hiki, maana Cornelius Swartwout wa Troy, New York, alipewa hataza ya kuboresha chuma cha namna hiyo, cha kutumika juu ya jiko, tarehe 24 Agosti 1869, miaka mingi kabla ya mashine za umeme kuenea majumbani. Maelekezo yanayofuata hayabadiliki kwa atumiaye chuma hicho, ila ni lazima akigeuze kila baada ya dakika mbili na kupunguza makaa pale harufu ya kuungua inapotangulia mvuke kwisha.

Kwa kiporo, mabamba hupakwa mafuta kila mara, hata kama yana tabaka la kuzuia kunata. Brashi ndogo hufika ndani ya vishimo vizuri kuliko kitambaa. Mafuta ya alizeti yanatosha, samli ni tamu zaidi na hustahimili moto kwa kuwa mabaki ya maziwa yameshaondolewa, ila siagi huungua na kuacha madoa meusi. Mafuta ya kopo yanayopulizwa yaepukwe, kwa sababu mengi yana kiungo kinachoganda juu ya bamba na baada ya muda ndicho kinachosababisha kunata.

Tuanze na wali, kwa sababu ukiumudu huo vingine vyote vitafuata. Chukua vikombe 2 vya wali mweupe uliolala kwenye friji, kikombe kikiwa cha mililita 250, uuvunjevunje kwa vidole vilivyoloweshwa hadi kusiwe na mabonge. Katakata nusu kitunguu vipande vidogo sana, uparuze karoti moja ndogo na kuikamua maji kwa mkono, ukatekate na majani ya dania. Piga yai 1 kubwa la kisasa, au 2 madogo ya kienyeji, pamoja na chumvi kidogo na pilipili manga, kisha uchanganye vyote na kunyunyizia kijiko 1 cha mezani cha unga wa mchele. Kazi ya yai ni kushikanisha, na kazi ya unga ni kunyonya unyevu ambao yai limeuongeza. Ukizidisha unga, wafo huwa nzito na kupoteza ladha ya wali. Asiyekula mayai atumie vijiko 3 vya unga wa dengu vilivyokorogwa na vijiko 3 vya maji, na matokeo yatakaribia bajia kwa ladha, jambo ambalo sioni kama ni kasoro.

Washa mashine na uiache ipate moto kwa dakika 5 hadi 7, hata kama taa imeshaonyesha kuwa iko tayari, kwa sababu taa huonyesha joto la pale kilipofungwa kidhibiti, na kingo za bamba huchelewa. Paka mafuta. Pakua wali wa kutosha kufunika bamba la chini kwa unene wa kidole, uusambaze hadi karibu na ukingo, kisha ufunge kifuniko na kukikandamiza taratibu kwa sekunde kama kumi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafungua mapema. Katika dakika mbili za kwanza mvuke hutoka kwa wingi pembeni, na wafo inayofunguliwa wakati huo hupasuka katikati, nusu ikang'ang'ania juu na nusu ikabaki chini. Usiguse kifuniko. Mvuke utapungua, sauti ya kuchemka itageuka kuwa mchakacho mkavu wa kukaanga, na harufu ya ukoko itaanza kusikika. Hiyo huwa kati ya dakika ya 6 na ya 8. Jaribu kuinua kifuniko kidogo sana, na kikikataa, ipe wafo dakika moja zaidi, kwa sababu ukoko ukishakamilika huachia bamba wenyewe. Itoe kwa mwiko wa mbao au wa silikoni, uiweke juu ya wavu wala si juu ya sahani, maana kwenye sahani mvuke wake hurudi chini na kuulainisha upande mmoja. Kiasi hiki hutoa wafo tatu au nne, kulingana na ukubwa wa mashine.

Pilau hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, na ladha yake huwa kubwa zaidi kwa kuwa viungo na mafuta vimeshaingia ndani ya punje. Ila pilau ina kazi ya ziada ambayo haina njia ya mkato: kuchambua. Mijiti ya mdalasini, karafuu, iliki nzima na mifupa yote vitoke. Karafuu moja iliyobanwa ndani ya ukoko huuma kama dawa ya meno, na kipande cha mfupa au cha mdalasini hukwaruza tabaka la bamba pale kifuniko kinapokandamizwa. Nyama ichanwe nyuzi nyembamba. Viazi vya pilau vipondwe na kuchanganywa humo humo, kwani vinashikanisha vizuri hivi kwamba yai dogo moja hutosha na unga hauhitajiki. Biriani ni jambo tofauti: chukua wali wake peke yake na uache rojo, ambalo lipashwe kando na kumiminwa juu ya wafo mezani. Wali wa nazi hupata rangi upesi kwa sababu ya mafuta na sukari ya tui, kwa hiyo uanze kuukagua dakika ya 5.

Ugali ndio unaowashangaza watu, nao ndio rahisi kuliko vyote. Hauhitaji yai wala unga. Ugali wa sembe uliopoa usiku kucha ukatwe vipande vya unene wa sentimita moja kwa kisu kilicholoweshwa, upakwe mafuta pande zote, unyunyiziwe chumvi, na ubanwe kwenye mashine iliyopata moto sana kwa dakika 8 hadi 10. Kifuniko hakitafunga kabisa mwanzoni. Kadiri ugali unavyolainika kwa joto, ndivyo kitakavyoshuka chenyewe, na kukilazimisha huvunja bawaba. Unachopata ni kipande kigumu kwa nje, chenye vishimo vinavyobeba mchuzi wa dagaa au sukuma wiki bila kulowana upesi. Ugali wa dona hupasuka zaidi, lakini una harufu nzuri ya mahindi ya kuchoma. Ugali wa muhogo sikushauri, kwa sababu ukipashwa hurudi kuvutika na kunata kwenye kila kishimo.

Kwa wasomaji wa Kenya, mukimo kama ungeundwa kwa ajili ya mashine hii. Viazi vimeshapondwa, mahindi na majani ya maboga yameshachanganywa humo, na kinachokosekana ni ukavu tu. Kwa vikombe 2 vya mukimo uliopoa, ongeza yai 1 na vijiko 2 vya unga wa ngano, uchanganye bila kuponda zaidi, kwani viazi vikisumbuliwa sana hugeuka gundi. Punje za mahindi zitakazogusana na bamba zitaungua kidogo, na hiyo ni sehemu ya utamu wake. Viazi vya kuponda vya aina yoyote hufuata kanuni hiyo, na pia ule mchanganyiko wa viazi uliobaki kutoka kwenye katlesi.

Chipsi zilizolala ni chakula cha kusikitisha, kwa sababu unyevu wa ndani umehamia kwenye ganda na kulilainisha, na kuzipasha kwenye mafuta huzifanya zinywe mafuta mara ya pili. Mashine hukausha ganda hilo kwa mafuta ya kupakwa tu, na ukiongeza mayai unapata zege, yaani chipsi mayai, la namna yake. Siri ni kuvitia kwa zamu. Kata vikombe 2 vya chipsi vipande vya urefu wa pingili ya kidole, uvisambaze kwenye bamba, ufunge na kuvikausha kwa dakika 3 peke yake. Kisha fungua, mimina polepole mayai 2 yaliyopigwa na kitunguu na hoho, ukianzia katikati na kuacha ukingo wa kidole kimoja ili yasifurike, na ufunge tena kwa dakika 3 au 4. Ukichanganya mayai na chipsi tangu mwanzo, mayai yataiva na kufungia unyevu ndani, na utabaki na chipsi mayai za kawaida zenye umbo la wafo.

Vilivyobaki nivipitie haraka. Mkate uliokauka huchovywa kwenye yai na maziwa na kubanwa dakika 4. Maandazi ya jana hupasuliwa kama kitabu na kubanwa dakika 2 bila chochote ndani. Asali ipakwe yakishatoka, kwa kuwa sukari ikigusa bamba huungua na kunata kama lami. Chapati mbili zinaweza kufumbatia kuku aliyechambuliwa au kima kikavu, mradi kingo zipakwe yai ili zishikane. Maharage hufaa yakishachujwa mchuzi wote, yakapondwa nusu na kuchanganywa na wali kwa kiasi sawa. Tambi zilizobaki hushikana vizuri kwa yai 1 na jibini kidogo iliyofichwa katikati, si juu.

Kuna vitu ambavyo mashine hii haiviwezi, na ni afadhali kuvipasha kwenye sufuria. Mchicha na kisamvu vina maji mengi mno. Samaki mwenye miiba midogo huwa hatari, kwa kuwa miiba iliyojificha ndani ya ukoko haionekani. Nyama yenye mafuta mengi hutiririsha mafuta ya moto pembeni hadi mezani. Ndizi za kupika zenye utomvu hutoka ngumu kama mti, ingawa ndizi mbivu iliyopondwa ndani ya wali wa nazi ni habari nyingine na watoto huipenda.

Kwa kuwa chakula hiki ni kikavu, hutaka kitu chenye maji na uchachu pembeni yake. Kachumbari iliyokamuliwa ndimu, ukwaju ulioungwa pilipili, chatine ya nazi au maziwa lala yenye chumvi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko tomato sosi ya chupa. Vitu hivi visimiminwe juu jikoni. Kila mtu ajichotee mezani, ukoko ukiwa bado unalia. Ikiwa watu ni wengi na mashine ni moja, wafo zilizotangulia zipangwe juu ya wavu ndani ya oveni yenye joto dogo, au juu ya sufuria tupu iliyopashwa, bila kufunikwa.

Usafi ufanyike siku hiyo hiyo. Chomoa mashine, isubiri ipoe hadi ibaki vuguvugu, kisha ulaze kitambaa chenye unyevu katikati ya mabamba na kuyafumba kwa dakika chache, ili mabaki ya wanga yalainike. Yaliyobaki kwenye vishimo yatolewe kwa kijiti cha kuchokolea meno au brashi laini, kamwe si kwa steelwool wala ncha ya kisu. Mashine yenyewe haizamishwi majini wala haiwekwi chini ya bomba, hata kama mabamba yanaonekana kuhitaji hivyo, isipokuwa kama ni ya aina ambayo mabamba yake huchomolewa. Ikaushwe kabisa na kuachwa wazi kwa muda kabla ya kufungwa, kwa sababu unyevu unaobaki kwenye bawaba ndio unaoanzisha kutu, hasa kwa wakazi wa pwani.